Mbuzi wa Bibi na Karatasi Ishirini na Mbili

Mbuzi wa bibi yangu alikufa kwa kunywa maji. Maji yenyewe hayakuwa mengi, wala hayakuwa ya kisima kibaya. Aliingiza mdomo kwenye mtungi ambamo bibi alikuwa ameloweka mihogo tangu juzi yake, akapiga mafundo kadhaa, akatembea hatua kama kumi akiyumba kama mlevi wa uraka, ile pombe ya mabibo, akaanguka. Bibi hakulia. Alisimama, mkono kiunoni, akaniambia, "Umeona? Mihogo hii haina adabu. Lazima uifunze adabu ndani ya maji kwanza, ndipo uiite chakula."

Hapo ni kusini, juu kwenye uwanda, ambako maji tulikuwa tunayafuata bondeni na kurudi nayo kichwani mlima mzima. Na bado maji hayo hayo ya shida bibi aliyamwaga kwenye mihogo siku tatu nzima, kisha akaimenya vizuri, akaianika juu ya paa mpaka ikawa makopa meupe magumu. Kabla hajayatwanga alikuwa akivunja kipande, ananiwekea ulimini. "Usimeze. Tulia nacho." Mie natulia. Maana uchungu wa muhogo ni mwizi, hauingii kwa mlango wa mbele. Unasubiri utamu upite kwanza, halafu ndiyo unakuja nyuma yake, taratibu, ulimi unakaza kama umelamba betri. Nikikunja uso tu, bibi anayarudisha makopa yote majini. Nyumba nzima ilikuwa haili mpaka nimemeza mate. Ukubwa huo niliupata kabla sijaota meno ya pili, na sidhani kama niliwahi kupata mwingine unaoupita.

Sasa mbuzi huyo nilimsahau. Nilikuja Dar es Salaam baada ya uhuru, nikamfuata mjomba aliyekuwa anachonga vinyago vya mpingo. Kuchonga kulinishinda. Mjomba alisema mie nauumiza mpingo kuliko mpingo unavyoniumiza mie, ingawa kovu la kidole gumba ninalo mpaka leo na mpingo sijui uko wapi. Nikaenda kubeba magunia kwenye maghala ya barabara ya Pugu. Nikapanga chumba Kiwalani, ndege zinapita juu ya bati mpaka mnakatiza maneno, mnatazamana, ikishapita mnaendelea mlipoachia. Mke nilimuoa kutoka bara, watu wa ndizi. Mwanamke mzuri, mpishi hodari, ila muhogo kwake ulikuwa kitu cha kuchoma na kutia pilipili, basi. Tukapata binti. Binti huyo sasa ana wajukuu, nalisema mapema ili msije mkanitilia wasiwasi huko mbele.

Ndipo kikaja kisomo. Zama zile ilikuwa lazima kila mtu asome, balozi wa nyumba kumi anapita mlango kwa mlango na daftari anauliza nani hajui. Mie nilisema najua. Balozi akanipa kalamu, akasema, "Haya andika hapa unajua." Kesho yake saa kumi jioni nikawa nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamenigusa kidevu, na ndevu zangu. Ndiyo nikawa mwanafunzi. Tulikuwa ishirini na wawili. Sijisifu, au tuseme najisifu kidogo: mwezi wa tatu mwalimu alinifanya kiranja, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kuandika jina langu bila kutoa ulimi nje.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja muuza maandazi. Mama huyo ndiye aliyeanzisha mtindo. Mwalimu akitoa zoezi, yeye ananichoma mgongoni kwa kalamu: "Kaka, sogeza bega." Nasogeza. Anaandika, wa nyuma yake anaandika kwake, linapita hivyo hivyo mpaka ukutani. Nikikosea mie, darasa zima limekosa kosa moja. Mwalimu alikuwa anasahihisha daftari langu tu, mengine anatia alama hiyo hiyo bila kusoma. Hatukuona ni dhambi. Kwetu sisi mtu mzima kurudi nyumbani amefeli mbele ya watoto wake ni aibu mbaya, na mwenye nacho hugawa.

Siku moja akaja kijana na koti jeupe juu ya suruali ya bugaluu. Mtaalamu, kutoka kiwanda kimoja cha vyakula na sabuni na vitu chungu nzima, cha umma, hapo hapo upande wa Temeke. Alisema wanataka wananchi wa kawaida, ila wanaojua kushika kalamu, wawe wanajaribu bidhaa kabla hazijapelekwa madukani. Kila Ijumaa, kule kiwandani, kwenye chumba chenye madawati kama la kisomo. Malipo shilingi mbili, na ulichojaribu unaondoka nacho.

Jamani, shilingi mbili na sabuni! Na sabuni zenyewe zama zile ilikuwa foleni tangu alfajiri, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Darasa lililokuwa linatoroka likajaa.

Tukaanza na sabuni. Moja ilitoa povu, moja ilitoa ngozi. Zikaja biskuti, ngumu, mwenzetu mmoja, mzee mlinzi, aliiloweka kwenye chai yake na chai ikaisha biskuti iko vile vile. Lakini sikiliza karatasi zetu zilisema nini. Karatasi ilikuwa na vyumba vitatu: nzuri, wastani, haifai. Chini kuna mistari miwili, "Maoni", ambayo hakuna aliyeigusa, maana kuandika sentensi nzima kutoka kichwani mwako, bila ubao, nani anaweza? Mie niliweka alama kwenye nzuri. Sabuni ya kuchuna ngozi, nzuri. Biskuti ya jiwe, nzuri. Nililelewa hivyo: kitu cha kupewa hakisemwi vibaya mbele ya aliyekupa. Na tena, nisiwafiche, niliogopa tukisema haifai hawatatuita tena. Nyuma yangu: "Kaka, sogeza bega." Nzuri, nzuri, nzuri, mpaka ukutani. Wao walidhani ni mtihani, kuna jibu moja la haki na mie ndiye ninalo.

Mtaalamu alifurahi sana. Anakusanya karatasi ishirini na mbili, anasema, "Wananchi mna kauli moja!" Mama wa maandazi anajibu, "Sisi ni wamoja, mwanangu."

Kisha ukaja unga. Unga wa muhogo, mweupe kama chaki, kwa sababu mahindi yalikuwa yameadimika na tuliambiwa tule vya kwetu. Tulipewa uji kwenye vikombe, vikombe vyenye mstari wa bluu. Nikanywa. Mtamu. Nikatulia nao kidogo, tabia tu ya zamani. Na hapo nyuma ya utamu nikamsikia yule mwizi anaingia.

Nikaweka alama kwenye nzuri.

Nasema ukweli, niliweka. Nilijiambia labda ni kikombe hakikuoshwa. Nilijiambia watu wa mashine wanajua kuliko bibi. Nikachukua shilingi zangu na pakiti ya kilo moja, nikaenda Kiwalani natembea kama mwenye nyumba.

Jumamosi mke wangu akampikia mtoto uji. Mie nilikuwa maghalani. Niliporudi mtoto amelala chini, ametapika mara mbili, mama yake anamsimamisha, miguu inapishana. Alikuwa anayumba. Hatua kama nne, anakaa. Hatua tatu, anakaa. Mke wangu anasema, "Labda ni jua." Mie namuona mbuzi.

Tulimkimbiza zahanati, wakakaa naye hadi jioni. Jumapili asubuhi aliamka anadai andazi. Pakiti nikaifukia nyuma ya choo.

Jumatatu yake balozi alipita na habari njema: chekechea yetu itaanza kupewa uji wa bure, unga umeshajaribiwa na wananchi wenyewe, umesifiwa na wote. Mtoto wangu alikuwa anakwenda chekechea hiyo. Watoto wawili wa mama wa maandazi walikuwa hapo. Nusu ya darasa letu la kisomo lilikuwa na mtoto pale.

Ijumaa nilitangulia kiwandani, nikamkuta mtaalamu anapanga vikombe.

"Ndugu mtaalamu, ule muhogo mnauloweka siku ngapi?"

Akacheka. "Hatuloweki, ndugu. Mashine inakausha kwa masaa. Mambo ya kuloweka ni ya kule kijijini."

"Unga una uchungu."

"Mbona hukusema?"

"Nasema sasa."

"Karatasi ishirini na mbili zimesema nzuri. Na yako imo, nimeiona."

"Mbuzi wa bibi yangu alikufa."

"Mbuzi gani tena?"

"Alikunywa maji ya mihogo."

Akaniangalia kama anayejiuliza nimekunywa nini mie. Nikamweleza na habari ya binti yangu, mwanzo mpaka mwisho. Akasema watoto wanatapika kwa mambo mengi, na hapo hakudanganya. Halafu akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa kijana mwenye wakubwa juu yake. Alisema leo ndiyo raundi ya mwisho, meneja mwenyewe anakuja kuchukua karatasi, na kesho kutwa magunia ya kwanza yanatoka. Akafungua kabati, akatoa koti jeupe kama lake, jipya, lina mikunjo ya pasi.

"Tunataka mwonjaji wa kudumu. Mshahara wa mwezi, chakula cha mchana, na bidhaa kila wiki. Nilishakutaja wewe. Maliza tu na leo salama."

Nikalivaa. Lilinienea mabegani, mabega ya magunia. Mfukoni mlikuwa na kalamu ya wino. Mtu aliyekuja mjini kubeba mizigo ya watu, leo atalipwa kwa ulimi wake na kukaa kivulini! Nilijiangalia kwenye kioo cha dirisha, na sitawadanganya, nilipendeza.

Wenzangu wakaingia. Mama wa maandazi akapiga kigelegele. "He! Kiranja amekuwa daktari! Shikamoo daktari!"

"Acha masihara, dada."

"Masihara gani, hebu geuka tukuone na nyuma!"

Tukakaa. Vikombe vya mstari wa bluu vikagawiwa. Meneja akaingia, mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi, akasimama mlangoni na miwani yake mkononi. Nikanywa fundo moja. Nikatulia nalo. Uchungu ulikuja ule ule, tena siku hiyo haukuchelewa hata kidogo.

Niliangalia vyumba vitatu. Kuweka alama kwenye haifai ilikuwa rahisi, lakini niliona haitoshi. Alama ni alama tu, mtaalamu angesema kiranja amekosea chumba. Nikashuka kwenye ile mistari miwili. Nikashika kalamu ya wino ya kiwanda na nikaanza, herufi moja moja, jasho linanitoka kuliko chini ya gunia la simenti. Nyuma, kalamu ikanichoma mgongoni.

"Kaka, sogeza bega. Mbona leo ndefu hivyo?"

"Andika tu."

"Inasemaje?"

"Andika, mama, utaisoma ukimaliza."

Nikasogeza bega. Tena safari hii nililisogeza sana, nikainua na karatasi kidogo kutoka mezani. Niliandika: *Unga huu mchungu. Muhogo haukulowekwa. Mtoto wangu ametapika na kuyumba. Usipewe watoto.* Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kitu ambacho hakikuanzia ubaoni.

Kalamu zikaanza kukwaruza. Mama wa maandazi, na wa nyuma yake, na mlinzi, na wale wa ukutani. Wote wakaandika "mtoto wangu", hata mlinzi ambaye hakuwahi kuzaa. Mtaalamu alikuwa anapita katikati ya madawati, mikono nyuma, akasimama penye karatasi ya mama wa maandazi. Akasoma. Akaenda ya pili, akasoma. Akaruka mpaka ya mwisho ukutani, akasoma, akageuka kunitazama.

"Wananchi…" alisema.

"Tuna kauli moja," akajibu mama wa maandazi, ambaye sasa alikuwa amemaliza kuandika na ndiyo anasoma alichokiandika. Nikamuona anarudia mstari kwa kidole. Akakisogeza kikombe chake mbali, akamgeukia mwenzake wa nyuma akamshika mkono asinywe.

Meneja alivaa miwani na kuanza kukusanya karatasi mwenyewe, moja moja, anasoma kila moja hadi mwisho. Alipofika kwangu nilimpa yangu kwa mikono miwili. Nikavua koti, nikalikunja kwa mikunjo yake ile ile ya pasi, kalamu nikairudisha mfukoni mwake, nikaliweka juu ya dawati. Mtaalamu aliniita kwa cheo, "Kiranja! Kiranja, subiri kwanza, shilingi zako!" Zilikuwa pale mezani, mbili, zinang'aa. Nikazipita. Nikapita ghala la unga, nikampungia mkono askari wa getini, nikashika njia ya Kiwalani, na kiwandani pale sijakanyaga tena.