Nguva Hatagi Mayai

Nilifunga safari ya Msuka kwa sababu ya ujumbe wa sauti. Binti yangu Raya, wa miaka sita, aliurekodi kwenye simu ya shangazi yake: "Mama, bibi kasema nguva hutaga mayai kwenye majani ya baharini, kisha huenda zake. Kwani na wewe ulinitaga?"

Niliusikiliza jikoni kazini, Chake Chake, mikono imejaa unga. Bibi huyo ni Bi Time, mama wa aliyekuwa mume wangu. Tulipoachana, mwanawe alikuja kumchukua Raya akasalimie kwao siku mbili tu. Kisha yeye akaenda Unguja kutafuta kazi, mtoto akabaki Msuka. Kila nikipiga simu naambiwa amelala. Mtoto gani analala mchana na usiku? Nikasema basi, nakwenda.

Asubuhi niliondoka Chake, na njia nzima hadi Wete nilikuwa napanga maneno makali. Wete nikashuka kununua halua, maana hata ukienda kugombana huendi mikono mitupu. Muuzaji aliuliza naenda wapi na uso umekunjana vile. Nikamwambia naenda kugombania nguva. Akacheka, akasema nguva ni mwanamke juu, samaki chini, na babu yake alimwona akichana nywele. Nikamuuliza, hayo matiti anayochorwa nayo ni ya nini ikiwa chini ni samaki anayetaga? Akanifungia halua yangu.

Konde nilichukua bodaboda. Kando ya barabara karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na ile harufu ikanivuruga. Raya alizaliwa msimu wa karafuu. Nilikuwa nachambua huku nanyonyesha, naye hukamata kidole changu kimoja, hakiachii mpaka alale. Hasira ikanishuka, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Nilimtaka mwanangu.

Msuka nilikuta maji yamekupwa. Nikaelekezwa pwani. Bi Time alikuwa kainama kwenye kamba zake za mwani, Raya pembeni anachora mchangani kwa kijiti. Aliponiona hakukimbia kuja. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni wa jirani. Nilitaka kulia, sikulia.

"Shikamoo Mama," nikamwambia Bi Time.

"Marahaba. Bi mkubwa wa Chake, leo umetukumbuka?"

Sikuzunguka. Nilimwambia nguva hatagi, hilo nililisoma shule. Ana mapafu, lazima aje juu kuhema. Samaki hupunga mkia kushoto na kulia. Mkia wa nguva umelala bapa, huupiga juu na chini. Huzaa, na akizaa hunyonyesha. Kwa hiyo hata huyo wa hadithi, mwenye nywele na kitana, nusu yake ya chini si samaki. Ni mama kuanzia utosini hadi mkiani. Na mimi mtoto sikumtaga nikaenda zangu. Nilinyang'anywa.

Raya akageuka. "Bibi, kweli?"

Angeweza kukana. Neno lake lingetosha, mtoto angemwamini yeye, nami ningerudi Chake nikiwa yule aliyetaga. Bi Time alifunga fundo moja la mwani, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akasimulia. Alipokuwa mdogo kama Raya, nguva alinasa kwenye wavu, akaburutwa hadi pwani ile ile. Watu wakaja na visu. Walipomchinja yakatoka maziwa, hapa chini ya kwapa, yakamwagika mchangani.

"Meupe," akasema. "Kama ya mtu. Na mwanawe alikuwa pale majini. Anakuja juu anahema, anazama, anakuja tena. Mie ile nyama sikuila."

Raya akauliza yule mtoto alikwenda wapi. Bi Time aliiweka kamba chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Shule ikifungwa uje umchukue," akasema. "Na simu nitampa mwenyewe."

Nilikuwa tayari kumbeba siku ile ile, Mungu anajua. Lakini Raya bado alikuwa kasimama upande wa bibi yake, na sikutaka kumburuta mtu kwenye pwani ile.

Alasiri Raya alinisindikiza hadi kwenye bodaboda, mdomo umejaa halua. Njiani akanikamata kidole kimoja, akakinusa.

"Vitunguu," akasema. Hakukiachia mpaka dereva alipowasha.

Nimerudi Chake bila mtoto mapajani. Wanaouliza nguva ni samaki au mnyama nawajibu, na wakinibishia nawatuma Msuka wakamuulize Bi Time. Hakuniomba radhi, wala hakusema nimedhulumiwa. Alisema tu maziwa yalikuwa meupe, na mwanangu alikuwa amesimama pale anasikia.