Mkanda wa Kifuani Kutoka Bunia Hadi Mahagi

Nilitoka Bunia kwa ajili ya msichana mmoja na nafasi moja. Msichana ni Georgette, mkimbiaji niliyemfundisha hapa Bunia, mtaa wa Shari, kabla hajahamia Mahagi kwa mama yake mdogo. Nafasi ni ya kambi ya mazoezi huko Kampala. Kocha wa kambi alitaka kwanza nimpime kizingiti, yaani ile kasi ambayo mkimbiaji akiipita, pumzi inamtoroka na hawezi tena kuzungumza. Alinitumia mkanda wa kifuani unaosikiliza moyo, pamoja na saa ya mkononi inayoonyesha mapigo. Niliufunga ndani ya kitenge kama mayai.

Njiani tulipita Djugu. Maharage yalikuwa yamechanua, wapaliliaji wachache. Mbele ya mji kuna kona ambako lori la mdogo wangu Dieudonné lilivamiwa na wanamgambo. Alirudi nyumbani amefunikwa turubai. Mimi huwaambia watu kwamba nimeshalia yakaisha. Nilitazama simu yangu mpaka tukapita.

Mahagi, mchana, mama yake mdogo, Mama Odette, alinipokea mlangoni.

"Karibu, madamu. Njo ukule kwanza, mambo ya moyo itafuata."

Georgette alikuwa nyuma yake, anacheka, viatu vya kukimbilia tayari miguuni.

Asubuhi yake nilimfunga mkanda akiwa amekaa kwenye kigoda. Mapigo yalikuwa ya mtu anayepanda mlima. Nikaulowesha mkanda, nikaukaza, yaleyale. Akaanza kukimbia taratibu, mimi nyuma kwa pikipiki ya kukodi. Pikipiki nyingine ilipotokea na kupiga honi, moyo wake uliruka ingawa miguu haikuongeza mwendo. Saa ikatangaza kizingiti kimevukwa, naye bado ananisimulia habari za kanisani! Tulirudia jioni, tukarudia kesho yake. Hakukuwa na namba ya kuaminika hata moja.

Jikoni, Mama Odette alinivuta kando.

"Huyu mutoto analalaka na viatu, madamu. Tangu bakimbie vita kule Djugu, kabla afike kwako Bunia, iko vile. Akisikia tu pikipiki, anasimama tayari kukimbia."

Nilimpigia kocha simu. Akasema kama mkanda umeharibika atatuma mwingine na kumngojea Georgette. Kama ni mzima, nafasi itakwenda kwa mkimbiaji mwingine. Nilimweleza Georgette vilevile, bila kupunguza neno.

"Imeharibika tu, madamu," akasema. "Miye najisikia muzuri."

Niliomba Mungu iwe hivyo.

Siku ya kurudi niliuvaa mkanda mwenyewe ndani ya blauzi ili niujaribu. Kutoka Mahagi mapigo yangu yalikwenda polepole, ya mama mnene aliyeshiba. Dereva alikuwa akisimulia mbuzi wa shemeji yake na nilicheka kweli. Tulipokaribia ile kona nikatoa simu, kama kawaida yangu. Ndipo saa ikaanza kutetemeka mkononi. Nikaitazama: namba za mtu anayekimbia mbio zake za mwisho. Dereva aliniuliza kwa nini ninalia. Sikuwa najua kwamba ninalia.

Bunia, jioni, nilimweleza kocha yote, hata habari ya kona. Alisikiliza, akasema pole, na nafasi akampa mwingine. Nilikwenda kutafuta mahali nguvu za mtoto zinapoishia, nikajua kwamba hofu inazila kabla hajainua mguu, na kwamba hata mimi inanila, huku nikisema nimeshalia yakaisha.

Kisha nikampigia Georgette. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Imeharibika, madamu? Si ni vile?"

"Hapana, mutoto wangu. Mukanda iko muzima."

Upande wake pikipiki ilipita. Nikasikia kigoda chake kikianguka.

"Basi ni miye ndiyo niliharibika?"

"Si weye peke yako," nikamwambia. "Leo miye nilivuka kizingiti, na nilikuwa nimeikala tu ku kiti ya gari."