Masta Silinda ya Lori la Baba

Leo fundi alipofungua kopo la mafuta ya breki, harufu yake ilinirudisha utotoni.

Miaka ile ya maduka matupu, lori kuukuu la baba lilikataa kusimama mteremkoni, tukitoka Maramba. Baba aliligongesha kichuguuni, tukapona. Masta silinda, pampu ya kusukuma mafuta ya breki, ilikuwa imekufa. Alizunguka Tanga nzima akakosa nyingine, maana wenye maduka waliogopa msako wa bidhaa zilizofichwa.

Asubuhi moja mama alinishika mkono, tukaenda hadi kwa mzee wa Kihindi aliyeuza vipuri.

"Shikamoo, mzee. Natafuta masta silinda ya lori."

"Marahaba. Sina, mama. Jana tu wamenipekua."

Mama hakuondoka. Alinivua ushungi, nyuzi za mshono zikaonekana kwenye paji la uso. "Breki zilikataa, na huyu alikuwemo."

Mzee alinitazama, akachungulia barabarani, kisha akaingia ndani. Alirudi na kitu kizito kilichofungwa gazeti, kikinuka grisi. Mama alikibeba mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga.

Njiani mgambo wawili walitusimamisha. Mmoja alinyoosha mkono kwenye kanga.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume. Ana homa, afande, usimfunue."

Mkono ulisita, ukarudi. "Haya, mpeleke hospitali."

Mama alitembea taratibu, akimpigapiga mtoto wake na kumwimbia. Tulikata kona, mgambo hawaonekani tena, naye bado anaimba. Hakunyamaza mpaka baba alipomfungua kanga.