Shamba la Osundwa Lililoungua

Shikanga, mkata miwa wa Osundwa, alitoweka Jumatatu. Jumanne shamba la Osundwa likaungua. Kufikia Jumatano soko zima la Shianda lilikuwa limeshapata muuaji.

"Amemchomea humo ndani," Mama Khalayi aliniambia akinipimia maharagwe.

Osundwa ni jirani yangu. Ni mpole mno, hata kuku wake mimi ndiye ninayemchinjia. Chifu alipomuuliza nani alichoma miwa, alisema hajui. Angesema nini? Alichoma mwenyewe. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimechelewa miezi sita kuivuna, na miwa iliyoungua huvunwa kwanza kabla haijaharibika. Kukiri ni kufutiwa mkataba. Haya tuliyajua sote, kwa kuwa sote tulishayafanya.

Wakataji waliingia Alhamisi. Tulisimama kando ya shamba kutwa nzima tukingoja mifupa. Walipata panya wawili.

Jumamosi Shikanga akarudi kutoka Malava, kwenye matanga ya shangazi yake. Hakuna aliyempa pole. Mama Khalayi alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Sasa kama wewe uko hapa," akamwuliza, "Osundwa alichoma nani?"