Bruria na Chumba cha Kufulia

Lo, Bruria kwa kulalamika! Katika kibutsi cha Tel Dolev, kijiji cha ujamaa huko Israeli, kila kitu kilikuwa cha wote: ng'ombe, michungwa, meza za kulia, hata mashine za kufulia. Kwa miaka hamsini na minne Bruria ndiye aliyefua nguo za kijiji kizima, kila vazi na namba ya mwenyewe ndani ya kola, na hakuna siku aliyosema neno jema juu ya kazi hiyo. Mara mvuke unamuua. Mara watu wanasahau misumari mifukoni. "Hawa si binadamu, ni wachimba mitaro!"

Lakini mle ndimo alimopatia habari zote. Shuka za mume na mke zikianza kuja kwa mafurushi mawili, Bruria alijua ndoa ina ufa kabla ya mama zao.

Kisha michungwa ikang'olewa, kiwanda cha mabomba kikadorora, na katibu wa kijiji, Yigal, akasimama kwenye mkutano mkuu. Chumba cha kufulia kigeuzwe vyumba vya wageni wa kulipa, akasema, na kila nyumba ipewe mashine yake.

Bruria alikuwa akifuma sweta. Akangoja mtu apinge.

"Bruria, una la kusema?" Yigal akauliza.

"Mimi? Niseme nini? Fanyeni mnavyotaka!"

Mikono ikanyooshwa, yote isipokuwa wake. Walipotoka nje akamkamata Yigal kwenye ngazi.

"Mmenifanyia nini nyinyi?"

"Jamani, Bruria! Si wewe kila siku unasema umechoka? Tumekuonea huruma!"

"Kulalamika ni kulalamika tu! Nani kakwambia nataka kuacha? Nepi zako nimefua mimi, we mtoto!"

Yigal, mwenye wajukuu wawili, akashuka ngazi upesi. Kura ilikuwa imeshapigwa.

Asubuhi ya pili yake mafurushi yalirushwa dirishani kama kawaida, la Yigal likiwa la kwanza. Mazoea! Bruria akayafua yote, akitukana kila namba, mpaka mwisho wa mwezi mafundi walipokuja kubomoa ukuta.

Mashine yake mpya ikawekwa jikoni. Mumewe alishafariki, watoto wako mjini. Akatia magauni mawili, shuka moja na soksi. Nguo hazikufika hata nusu ya mashine. Akasimama pale, hasira hajui amtupie nani.

Akafungua mlango. Yigal alikuwa akipita na baiskeli.

"We Yigal! Hiyo kola gani hiyo? Hebu vua shati!"

"Bruria, mashine ninayo nyumbani."

"Nimekuuliza habari za mashine? Vua!"

Akavua, akabaki na fulana barabarani. Bruria akageuza kola kutafuta sitini na mbili, namba ya Yigal, kwa mazoea tu. Shati lilikuwa jipya, halina namba yoyote. Akalitia hivyo hivyo pamoja na zake, akafunga mlango wa mashine, akaanza kulalamika.