Jina la Somoe Nang'ondo

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha TEHAMA cha hospitali, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi fomu ya kusajili wagonjwa, ile inayojazwa kwenye kivinjari. "Usiiguse mpaka uielewe," aliniambia. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa bandarini Mtwara. Kuandika programu nilijifunza baadaye, ukubwani, na ndiko kulikonihamisha.

Fomu ilikuwa na visanduku vya maandishi. Kila kitufe kinapobonyezwa, kivinjari hutoa taarifa. Sisi huiita tukio. Skripti, yaani maelekezo yanayofanya kazi kwenye kompyuta ya karani kabla chochote hakijafika kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, ilisikiliza matukio hayo na kufuta papo hapo kila alama isiyo herufi.

Siku moja akaja Somoe Nang'ondo kutoka Kilambo, akiongozwa na binti yake. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili, na madaktari bingwa wa macho walikuwa wamekuja kwa muda mfupi tu. Karani aliandika jina. Kisanduku kikaimeza ile alama ya juu ya ng'. Akarudia, ikafutika tena. Tukaitwa.

"Andika Nangondo, tuendelee," alisema Mkuu.

"Huyo si mie," Somoe akajibu. "Mara iliyopita waliita Nangondo, Nangondo, nikajua wanamwita mwingine. Mie sioni, baba. Nasubiri kusikia jina langu tu. Zamu ikanipita."

Nilimwambia Mkuu kwamba skripti inarekebishika. Alikataa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: alama ile ikipokelewa ovyo huweza kukatiza amri inayokwenda kwenye hifadhidata, kumbukumbu zikavurugika. Nikamjibu kwamba ulinzi huo ni kazi ya seva, kwa sababu skripti ya kivinjari mtu yeyote anaweza kuizima.

"Nionyeshe," akasema.

Nilifungua nakala ya majaribio. Nikahakikisha seva inapokea jina kama maandishi matupu, si sehemu ya amri. Skripti nikaiacha ikague pale tu karani anapotoka kwenye kisanduku, na ikitilia shaka imuulize, isifute. Mkuu aliandika jina mwenyewe, akalihifadhi, akalifungua tena. Lilikuwa zima.

"Weka," akasema.

Muuguzi alipoita "Somoe Nang'ondo!" mwenyewe alisimama kabla binti yake hajamgusa.

Baada ya upasuaji, jicho moja lilirudi kuona. La pili, daktari alisema, lilikuwa limechelewa mno.

Sasa nimestaafu, naishi Shangani, hapa Mtwara. Walionifuata kazini wana zana nyepesi kuliko zetu. Nikiulizwa, nawaambia kisanduku kinachofuta kimyakimya ni kibaya kuliko kinachokataa waziwazi: karani hukizoea, na mgonjwa hajui kilichotokea. Wengine hunisikiliza.

Majuzi nilikuwa sokoni Chikongola nikipatana bei ya muhogo. Mwanamke mmoja aliisikia sauti yangu, akageuka, akanitazama kwa jicho lake moja toka kichwani hadi miguuni.

"Ndiye wewe wa kompyuta?" akauliza. "Mie nilidhani mrefu."