Ngoma Hushikwa kwa Mapaja

Bibi yangu Tabu, mzaa mama, alikuwa mbishi. Ukimwambia jua limezama, atatoka nje kwanza akahakikishe. Ubishi huohuo ndio uliomrudishia mwili wake, na kwa kuwa mjukuu ana ruhusa ya kumtania bibi yake, nitaueleza bila kuupunguza.

Mwaka ambao reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilifika Dodoma, babu alichukuliwa kwenda kuijenga mbele, upande wa Tabora, na bibi akabaki na homa. Ilimshika msimu mzima wa mvua. Ilipomwachia, alikuwa mifupa na macho tu. Mama yangu Raheli, mwanawe wa mwisho, ndiye aliyemshika mkono akitaka kutoka nje. Watu wa kijiji chetu, upande wa Buigiri, walianza kumsalimu bibi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagwa.

Na mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Raheli alikuwa awekwe ndani na kuchezwa. Kwetu Wagogo muheme ni ngoma ya wanawake: mwanamke anasimama, anaibana ngoma kati ya mapaja, anaipiga kwa mikono huku anacheza. Katika ukoo wetu, siku ya kumtoa mwali, mama yake ndiye anayebana ngoma kubwa tangu asubuhi mpaka mtoto atoke. Akishindwa anapigiwa na mwingine, na mwali anajua kwamba mama aliyenaye si wa kumtegemea tena. Hakuna anayelisema jambo hilo, wala halihitaji kusemwa.

"Mimi nitakupigia, mdogo wangu," alimwambia Mama Chilongani, aliyekuwa kiongozi wa ngoma pale kijijini. "Wewe utakaa kwenye kigoda, utazame."

"Nitapiga mwenyewe," bibi akamjibu. "Na hicho kigoda ukakalie wewe."

Akaanza na mchi. Alitwanga uwele wa kwake, ukaisha, akaenda kuomba wa majirani. Majirani nao hawakuwa wajinga, wakamletea mpaka wa wakwe zao. Mwanzoni alitwanga kidogo na kuketi, akatwanga tena na kuketi. Akala ugali na mlenda, akanywa maziwa mgando, na mikono ikaanza kujaa. Hapo akanogewa. Akatwanga asubuhi, akatwanga jioni, mchi uleule, kinu kilekile, miezi na miezi, ingawa mikono ilikuwa imeshaacha kuongezeka zamani.

Siku moja akajiona yuko tayari. Akaenda uwanjani kwa Mama Chilongani, wanawake wakifanya mazoezi, akaomba ngoma kubwa. Mikono ilikwenda vizuri kabisa, wenyewe walikiri. Lakini kabla wimbo haujafika katikati mapaja yakaanza kumtetemeka, ngoma ikateleza, ikaanguka na kubingirika hadi miguuni mwa wanawake. Wakacheka. Bibi yangu alikuwa amehangaikia mikono kana kwamba ngoma ile inaning'inia mbinguni!

Alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akanawa uso, akaketi mlangoni akajishika mapaja. Yalikuwa membamba kama ya mbuzi wa kiangazi. Kesho yake mchi akauegemeza ukutani, na majirani wakarudishiwa uwele wao.

Kiangazi kile kisima kilikuwa shimo refu lililochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Bibi akajipa kazi ya kushuka na kupanda na mtungi kichwani, akiwatekea hadi wanawake waliomcheka. Miguu iliuma mpaka akawa anatambaa kwenda kulala. Ilipoacha kuuma, hakurudia kosa la mchi. Aliacha mtungi akatafuta nyumba za tembe zinazokarabatiwa kabla ya mvua, akakanyaga udongo wa mapaa, kitope kinachomng'ang'ania mtu mpaka magotini. Udongo ulipomzoea, akarudi kwenye mchi, safari hii ule mzito wa mkwe wake. Na mwili ukichoka kabisa aliketi akasaga ulezi taratibu, bila kumsikiliza mtu.

"Mama, mbona hutulii na kazi moja?" Raheli alimuuliza.

"Kazi ikinizoea, mwanangu, hainipi kitu tena. Nataka ile isiyonijua."

Kisha jumbe wa kijiji akaita watu wa kubeba mawe ya barabara ya kwenda stesheni. Ilikuwa kazi ya Mdachi, ya lazima, ya viboko, na kijiji kizima kikahamia vichakani. Bibi akajipeleka. Askari alimtazama kwa mashaka, akadhani kichaa. Bibi akachagua jiwe, akachuchumaa, akaliinua kwa nguvu za miguu badala ya mgongo, akaenda nalo. Nachukia habari zote za kazi ile, watu walipigwa na wengine hawakurudi. Lakini hapa nacheka kila mara, maana Mdachi alidhani anachukua nguvu za bibi yangu, kumbe bibi anajichumia zake mle mle kwenye mawe yake. Mvua zilipoanza akashika jembe, na mavuno yalipokwisha Raheli akawekwa ndani.

Siku ya kumtoa ilifika. Bibi akajifunga kaniki, akaibana ngoma kubwa. Jua likapanda. Wapigaji wenzake walianza kupokezana, huyu anakwenda kunywa maji, yule anakaa. Jua likapinda, ngoma ndogo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mama Chilongani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda. Akainuka, akanyoosha mikono.

"Nipe, mdogo wangu. Umeshaonyesha."

"Bado," bibi akasema. Jasho lilikuwa linachuruzika mpaka vidoleni, lakini ngoma haikusogea.

Raheli alitolewa jua likiwa limekaribia kuzama. Bibi alipiga mpaka mwali alipofika mbele yake, ndipo akaachia mapaja, na ngoma ikashuka chini polepole kwa mikono yake mwenyewe.

Haya yote nilisimuliwa na bibi, kwa majivuno makubwa. Upande wa mama niliusikia siku tuliyomzika bibi. Alisema mle ndani gizani hakuona kitu, alisikia tu. Alikuwa ameambiwa Mama Chilongani ndiye atakayemalizia. Ngoma zikawa zinapungua, zikapungua, ikabaki moja, na mkono ule aliujua.

"Tangu ile homa yake, mwanangu, nilikuwa naamka kila usiku kusikiliza kama anapumua," mama akaniambia. "Usiku ule nililala."